Kiwiko cha kushoto kimeacha kuchomoka

Kwa wanaopiga gofu kwa mkono wa kulia: mpira wangu ulianza vizuri, halafu unapinda kulia na kufa njiani. Kwenye video nikaona kiwiko cha kushoto kinakunjika na kuchomoka kuelekea shabaha mara tu fimbo inapogusa mpira. Nilibadilisha mshiko, nikasogeza mpira mbele, nikakaza mkono kama ubao (bega liliuma bure). Wapi!

Dawa ilikuwa glavu. Iweke chini ya kwapa la kushoto, zoezi ambalo Vijay Singh, mchezaji gofu wa kulipwa kutoka Fiji, alijulikana nalo, kisha piga nusu tu: fimbo itoke usawa wa kiuno nyuma hadi usawa wa kiuno mbele. Glavu isianguke. Yangu iliendelea kuanguka hadi nilipogeuza kiwiko kabla ya kuanza, ncha yake itazame nyonga ya kushoto badala ya shabaha. Kitu kidogo, lakini hapo ndipo mambo yalipofunguka. Kifua kikizunguka, mkono unakwenda nacho, na baada ya pigo kiwiko kinabaki kimeelekea chini.

Usiibane glavu kwa nguvu, ikae tu. Fimbo namba 8 inatosha. Urefu wa pigo uongeze mpira ukishanyooka.