Maparachichi yaliyokataa kutokea

Maparachichi matatu ya Rungwe juu ya ungo, dirishani, hapa Uyole, Mbeya. Kamera nimeiunda kwa plaiwudi na kitambaa cheusi. Lenzi milimita 150, karatasi ya picha badala ya filamu.

Kila negativu (picha ya kwanza, ambayo weupe na weusi wake umegeuzwa) ilitoka hafifu, karibu nyeupe. Nikashuku baridi ya Juni, maana dawa ya kusafishia picha ikipoa hufanya kazi polepole. Nikaipasha hadi nyuzi 20. Wapi!

Nikachukua rula. Ili tunda litokee kwa ukubwa wake halisi, nilikuwa nimevuta lenzi hadi milimita 300 kutoka kwenye karatasi. Kwa kitu cha mbali, lenzi hii hukaa milimita 150 tu kutoka kwenye karatasi. Umbali mara mbili, mwanga robo tu! Sekunde 30 za kuacha lenzi wazi nikazifanya 120.

Sasa kila kipele cha ganda kinaonekana, hata kikonyo. Nimefurahi mno.