Kurudi kazini baada ya kulea: piga hesabu ya miezi sita ya mwanzo

Barua ya ajira inasema mshahara ni shilingi 900,000. Zinazoingia benki ni 594,500. Mama aliyesomea uhasibu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, akakaa nyumbani miaka saba akilea, mara nyingi huiona tofauti hiyo mwisho wa mwezi wa kwanza. Wakati huo tayari ameshamwahidi dada wa kazi mshahara, ameshakubali gari la shule, na nyumba nzima inasubiri. Ndiyo maana naanzia kwenye hesabu.

Tuchukue mshahara wa msingi wa 900,000, bila posho, kwa mwajiri wa sekta binafsi Tanzania Bara anayemkata mfanyakazi asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Hiyo ni 90,000, nayo hutoka kabla ya kodi. Zinabaki 810,000, na hizo ndizo zinazotozwa PAYE, yaani kodi ya mshahara. Kwa 760,000 za kwanza kodi ni 68,000. Zile 50,000 zinazozidi hutozwa asilimia 25, yaani 12,500. Kodi yote ni 80,500. Kisha Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 135,000. Jumla ya makato ni 305,500.

Deni la Bodi ndilo linalowashtua wengi. Kukaa nyumbani hakulifuti. Jina lako likishaingia kwenye orodha ya mishahara ya mwajiri, makato yanaanza. Ulizia salio lako mapema, kabla hujakubaliana mshahara, ili mezani ukae unazungumza ukiwa na namba ya mwisho kichwani.

Kutoka kwenye zile 594,500 toa mambo manne: mshahara wa msaidizi wa nyumbani na matumizi yake, nauli ya mwezi, chakula cha mchana kazini, na nyongeza ya vitu ambavyo zamani ulivifanya mwenyewe, kama kumfuata mtoto shule au kupika uji wa saa nne. Andika bei za mtaani kwako, usiandike za kukisia. Kinachobaki ndicho mshahara wako wa kweli. Kikiwa kidogo sana, haimaanishi uache kazi. Kwa fani zinazohitaji uzoefu wa karibuni, mwaka mmoja wa mshahara mdogo unaweza kuwa bei ya kurudi mlangoni. Lakini iwe bei uliyoiona, mkaijadili nyumbani na baba watoto, siyo iliyowakuta.

Sasa kuhusu miezi sita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi vizuri, ila ulinzi mwingi unaanza baada ya miezi sita ya utumishi. Kabla ya hapo huna haki ya likizo ya malipo chini ya sheria hiyo: si ya mwaka, si ya ugonjwa, si ya uzazi, si ile ya kuuguza mtoto. Vifungu vya kuachishwa kazi isivyo halali navyo havimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Na miezi hiyohiyo ndiyo mtoto anapozoea mlezi mpya, anapoanza kituo na kuambukizwa mafua ya wenzake, na dada wa kazi anapojaribu kama ataiweza nyumba isiyo na mama mchana kutwa. Majanga yote yanakuja kipindi kile ambacho huna pa kuegemea.

Kwa hiyo kabla ya kuripoti weka akiba ya kipindi hicho. Kipimo ninachokiamini ni mshahara wa mwezi mmoja wa msaidizi, nauli ya mwezi mmoja, na fedha ya kumlipa mlezi wa dharura kwa siku kumi. Mshahara wa kwanza huja baada ya siku 30 au zaidi, ilhali nauli inaanza Jumatatu ya kwanza.

Msaidizi wa nyumbani aanze wiki mbili kabla yako. Wiki ya kwanza uwepo, ukimwonyesha mtoto anakula nini na analala saa ngapi, dawa ya homa iko wapi na kipimo chake ni kipi kwa uzito wake. Wiki ya pili toka: siku ya kwanza kwa muda wa saa mbili, siku ya tatu nusu siku, siku ya tano kutwa nzima. Usizime simu, lakini usipige kila nusu saa. Yanayoharibika hapa yanajulikana. Dada aliyeajiriwa kulea anakuta anafua, anapika, anachota maji na kuuza barafu dirishani, na mshahara wake hauna tarehe. Akienda kwao Desemba harudi, na Januari mama anaomba ruhusa ofisini siku tano mfululizo. Mpe makubaliano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja: kazi zake, siku ya kupumzika kila wiki, tarehe ya malipo, na taarifa atakayotoa akitaka kuondoka. Naye ni mfanyakazi mbele ya sheria ileile unayoitegemea wewe.

Hata hivyo weka mtu wa pili. Shangazi, bibi, jirani unayemwamini, au kituo cha kulelea watoto mchana kilichosajiliwa. Kama ni kituo, mpeleke mtoto asubuhi mbili au tatu kabla hujakihitaji, ili siku ya dharura asilie kwa watu asiowajua. Kama ni jirani, mkubaliane malipo ya siku, kwa sababu ukimpa asante tu mara ya tatu atakuwa na udhuru.

Ukishavuka miezi sita, likizo zinafunguka, lakini soma vizuri ile ya kuuguza. Sheria inatoa angalau siku nne za malipo kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, au kifo cha mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa. Siku hizo nne ni za mzunguko wa miezi 36. Hazizaliwi upya kila tukio. Mtoto akilazwa kwa nimonia siku nne, umezimaliza kwa miaka mitatu, labda mwajiri wako awe na utaratibu mzuri zaidi. Baada ya hapo unaingia kwenye siku 28 za likizo ya mwaka, au unaomba bila malipo. Ndiyo maana nasisitiza usizile siku 28 zote kwa harusi na sherehe. Acha kumi za watoto.

Mimba nayo huja bila kupangwa. Likizo ya uzazi ni siku 84 za malipo, au 100 kwa waliozaliwa zaidi ya mmoja, na mwajiri anatakiwa apewe taarifa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Ukirudi, una hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Omba kwa maandishi, ukitaja saa zenyewe, mfano saa nne hadi saa tano asubuhi na saa tisa hadi saa kumi alasiri. Ombi lisilotaja saa humezwa na vikao.

Kabla ya yote haya kuna makaratasi, na hapa wanawake walioolewa huumia zaidi. Cheti cha kidato cha nne kina jina la baba, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume, TIN, namba ya mlipakodi, ina majina mawili, NSSF ina herufi moja iliyokosewa. Kwa kazi za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, majina yakitofautiana unatakiwa uwe na hati ya kubadili jina, ile mawakili wanayoiita deed poll, iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Watu huenda kwenye usaili na kiapo cha mahakamani pekee na kurudishwa mlangoni. Anza nayo mapema kuliko kitu kingine chochote, maana kasi yake haiongozwi na wewe.

Katika ombi hilohilo, nakala za vyeti zithibitishwe na wakili, cheti cha kuzaliwa kiwepo, na barua iwe imesainiwa. Hati ya matokeo haikubaliki badala ya cheti chenyewe. Matangazo yao huweka ukomo wa umri wa miaka 45 kwa asiye mtumishi wa umma tayari. Mwenye 43 asiseme atasubiri mdogo aingie darasa la kwanza.

Namba ya NSSF ni ileile ya zamani. Usifungue mpya, kwani pensheni inadai michango ya miezi 180 na michango iliyogawanyika kwenye namba mbili ni kazi ya miaka kuiunganisha. Kama uliacha kazi ukiwa PPF, PSPF, LAPF au GEPF, mifuko hiyo iliunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF. Nenda na kitambulisho uulize michango yako imekaa wapi.

Sasa kichwa chenyewe, yaani maarifa ya kazi. Mhasibu aliyeacha kazi mwanzoni mwa 2019 anakumbuka kuwa 170,000 za kwanza hazitozwi kodi na ngazi ya kwanza ni asilimia 9. Kiwango kisichotozwa kodi kilipanda hadi 270,000 mwaka 2020, na ngazi ya kwanza ikashuka hadi asilimia 8 mwaka 2021. Mpigie yule wa 810,000 hesabu ya zamani, kodi itakuwa 125,100, badala ya 80,500. Ni makosa ya 44,600 kwa mtu mmoja, na mtihani wa usaili wa uhasibu hupenda swali kama hilo. Mchango wa mwajiri kwa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, kwa sekta binafsi ulikuwa asilimia 1, leo ni 0.5. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, imeshuka hadi asilimia 3.5, na inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Ukodishaji unahesabiwa kwa IFRS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, tangu 1 Januari 2019. Ununuzi wa umma umehama mfumo wa mtandaoni wa TANePS kwenda mfumo mpya wa NeST.

Wiki tatu zinatosha kujirudisha. Tengeneza kwenye Excel orodha ya mishahara ya wafanyakazi kumi wa kufikirika, kuanzia wa 300,000 hadi wa 2,500,000, ukokotoe makato yote kwa fomula, kisha kwa mkono uhakiki watatu. Rudia siku inayofuata bila kuangalia. PAYE na SDL hulipwa kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita, VAT tarehe 20. Na kama ulikuwa mwanachama wa NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, uliza kuhusu ada za miaka uliyokosa kabla hujaandika cheo hicho kwenye wasifu.

Kwenye wasifu, usiifiche ile miaka saba. Afisa utumishi akiona 2019 kisha 2026 bila neno katikati atajaza mwenyewe, na atajaza vibaya. Mstari mmoja unatosha: "2019–2026: malezi ya watoto, kwa muda wote." Chini yake weka kazi za kweli ulizofanya, kwa namba. Kwa mfano: "Mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, wanachama 30: kutunza daftari la hisa na mikopo, kufunga hesabu kila wiki, kuandaa mgawo wa mwisho wa mzunguko." Hiyo ni kazi ya uhasibu, iwe ilifanyika chini ya mwembe au ghorofani. Wadhamini watatu wapigie kabla. Bosi wako wa zamani pengine kahama au kastaafu, na simu isiyopokelewa hukugharimu wewe.

Ukiulizwa kwenye usaili kama utazaa tena, au nani atabaki na watoto, jua kwamba sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na inamtambua hata mwombaji wa kazi. Jibu langu lingekuwa fupi: mlezi yupo, na mbadala wake yupo, tuendelee na kazi. Ni kweli, maana umeshawaandaa.

Kuna pigo moja siwezi kulipitia haraka: kufiwa na mume. Siku nne hazitoshi hata kumaliza matanga, na kwa Mwislamu eda ni miezi minne na siku kumi. Mtu wa familia apeleke taarifa ya maandishi ofisini ndani ya siku ya kwanza au ya pili. Barua iombe kwa mpangilio: siku nne za sheria, kisha likizo ya mwaka iliyobaki, kisha bila malipo au kazi ya kufanyia nyumbani, na itaje tarehe ya kurudi. Kutokuonekana kazini bila barua hugeuka utoro, na msiba haukumbukwi tena kwenye faili. Ndugu washughulikie cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kwa ajili ya mirathi, nawe hifadhi nakala ya kila karatasi.

Na ikiwa kazi itakatika baada ya miezi sita, nawe unaona umeachishwa isivyo halali, lalamiko hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, ukiwemo ubaguzi, ni siku 60. Siku ya kupokea barua andika tarehe nyuma ya bahasha, uhesabu kuanzia hapo.