Saa Kumi na Mbili Imezidi kwa Herufi Moja

Kwa wiki mbili nzima za mwezi Juni, kila nilipotoka kazini na kurudi nyumbani mtaa wa Forest, hapa Mbeya, huku baridi ya mlima Loleza ikishuka pamoja nami, kichwani mwangu palikuwa na hesabu moja tu. Maneno “saa kumi na moja” yana herufi na nafasi 16 kamili. Maneno “saa kumi na mbili” yana 17. Kioo cha maandishi nilichokuwa nimekinunua kwa ajili ya saa niliyoitengeneza itaje muda kwa Kiswahili kina mistari miwili, na kila mstari unabeba herufi 16, wala hakuna namna ya kukibembeleza kibebe ya kumi na saba.

Jambo hili lilianza na mama yangu, aliyekuja kutoka Tukuyu kukaa nasi miezi michache. Nilimnunulia simu nzuri yenye tarakimu kubwa, na usiku wa kwanza aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniita: “Mwanangu, hii simu inasema saa ishirini na dakika tano. Ndiyo saa gani hiyo?” Nilimjibu kwamba ni saa mbili na dakika tano usiku, akaiweka mezani kifudifudi, na tangu siku hiyo akawa ananiuliza mimi badala ya kuitazama simu. Mimi mwenyewe nimefanya hesabu hiyo ya kutoa sita tangu shule ya msingi bila kuigundua kuwa ni hesabu. Saa ya mishale angalau inatusaidia, kwa sababu tunasoma upande unaotazamana na mshale mfupi: ukielekea nane, ng’ambo yake iko mbili. Saa ya tarakimu haina ng’ambo. Inakupa 20:05, halafu unajitafutia.

Hamu ya kutengeneza kitu hunijia kwa njia hizi ndogo, na ninakiri kwamba mara nyingi kitu chenyewe hakihitajiki. Ningeweza kumnunulia mama saa ya ukutani yenye mishale na mambo yakaisha. Lakini mtu anayechezea kompyuta akishaona kwamba mashine haijui kutaja saa kama wanavyoitaja watu wa nyumbani kwake, hawezi tena kulala vizuri.

Nilianza na njia ya mkato kwenye kompyuta yangu mpakato, ambayo inatumia mfumo endeshi wa Linux. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya saa za dunia, yaani UTC, kwa saa tatu. Ukitoa sita kwenye tatu unapata tatu za nyuma. Kwa hiyo mahali popote duniani palipo nyuma ya UTC kwa saa tatu, saa ya ukutani inasomeka kwa tarakimu zile zile tunazozitamka sisi kwa Kiswahili. Niliona nimegundua dhahabu. Nikafungua orodha ya kanda za saa, nikakuta jina la Etc/GMT-3, nikalichagua, na saa haikusogea hata dakika moja. Niliwasha upya kompyuta mara mbili kabla ya kusoma maelezo na kukuta kwamba katika majina hayo alama zimegeuzwa: alama ya kutoa inamaanisha mashariki ya Greenwich, na ya kujumlisha magharibi. Nilikuwa nimechagua, kwa bidii kubwa, saa ile ile niliyokuwa nayo. (Ukiendelea kuchimba katika orodha hiyo utakuta pia kwamba jina la Dar es Salaam halina kumbukumbu zake lenyewe, bali linakuelekeza kwa jirani, Nairobi.)

Mahali nilipopahitaji palikuwa na jina zuri zaidi, nalo ni Buenos Aires. Argentina iko nyuma ya UTC kwa saa tatu na haibadilishi saa zake kwa misimu. Niliipa kompyuta yangu ukanda wa Buenos Aires, nikachagua mtindo wa saa 12, na pembeni mwa skrini ikatokea 2:40 wakati ambapo kweli ilikuwa saa mbili na dakika arobaini asubuhi, hapa Mbeya.

Kuna jambo moja katika mpango huo ambalo sikulitarajia na ambalo bado nalipenda. Kwa saa za Buenos Aires, tarehe hubadilika wakati kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi. Maana yake ni kwamba Ijumaa usiku, saa saba, kompyuta yangu ilikuwa bado inasema ni Ijumaa, kama ambavyo jirani yangu angesema akikusimulia kilichomkuta njiani. Kompyuta ya kawaida ingekuwa imekwisha kuruka kwenda Jumamosi, na mtangazaji wa redio angejiokoa kwa kusema “usiku wa kuamkia Jumamosi”. Kwa wazee wa pwani, na kwa Waislamu kwa jumla, siku mpya huingia jua linapotua, hivyo usiku wanaouita wa Ijumaa ni ule ambao wengine wanauita Alhamisi usiku. Kila mmoja ana pahali pake pa kukatia siku, na pa katikati ya usiku, ambapo hakuna jua linalochomoza wala linalotua, ndipo ninapopaona pa ajabu kuliko pote.

Mpango wa Argentina ulidumu siku sita. Ulikufa siku niliponakili muda wa kikao kutoka kwenye kalenda ya kompyuta na kumtumia mtu niliyekuwa ninamtengenezea kazi fulani: “Tukutane 3:00.” Kwangu ilikuwa saa tatu asubuhi. Yeye, ambaye simu yake haijawahi kufika Buenos Aires, aliisoma kama watu wote wanavyosoma tarakimu za simu, akaja saa tisa alasiri akiwa na uso wa mtu aliyewahi. Sikuwa na namna ya kumweleza.

Ndipo nilipohamia kwenye kifaa cha peke yake, ambacho kikikosea hakimcheleweshi mtu. Bodi niliyotumia, yaani kompyuta ndogo sana ya kujitengenezea vifaa, ni Arduino Uno ya kuiga, iliyosafiri kwa basi kutoka Kariakoo zaidi ya kilomita 800 ikiwa ndani ya boksi la viatu. Kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2, kiasi ambacho picha moja ya simu ingekimeza bila kutafuna. Kwa kuwa bodi hiyo haina saa inayoendelea umeme unapokatika, niliiongezea saa ndogo ya DS3231 yenye betri ya duara, ambayo kwa mwaka mzima hupotea kwa takriban dakika moja tu. Kulehemu waya nilimaliza kwa jioni moja. Kazi iliyonichosha ilikuwa Kiswahili.

Kosa la kwanza lilikuwa la kasorobo. Nilikuwa nimeiagiza programu kwamba dakika zikizidi thelathini iongeze saa moja mbele na kutaja kilichopungua, kwa hiyo saa mbili na dakika arobaini na tano iwe saa tatu kasorobo. Asubuhi iliyofuata binti yangu alisimama mbele ya kifaa akiwa na kikombe cha uji na kuuliza, “Baba, saa kumi na tatu kasorobo ndiyo ya kwenda shule?” Nilikuwa nimesahau kuiambia mashine kwamba baada ya kumi na mbili tunarudi moja. Hata siku za juma zilinisumbua kidogo, kwa sababu mashine huhesabu Jumapili kuwa sifuri na Jumatatu kuwa moja, wakati jina lenyewe linapiga kelele kwamba hiyo ni ya tatu.

Kisha ikaja ile herufi ya kumi na saba. Kila ilipofika saa kumi na mbili, asubuhi na jioni, kioo kiliandika “saa kumi na mbil”. Rafiki yangu mmoja alinishauri ninunue kioo kikubwa chenye mistari minne ya herufi ishirini, ushauri wa busara ambao niliukataa kwa sababu nisizoweza kuzitetea. Nilifikiria kufupisha, nikaandika “saa 12”, nikaona ninamrudisha mama kwenye tarakimu nilizokuwa nikimwepusha nazo.

Jibu alilitoa mama mwenyewe bila kujua. Mke wangu alimuuliza kutoka jikoni, “Mama, saa ngapi hapo?” naye akajibu, “Mbili kasorobo.” Neno “saa” lilikuwa limekwisha kutajwa na muulizaji, na anayejibu hana sababu ya kulirudia. Anayetazama saa ya ukutani naye ameuliza tayari. Usiku ule niliifuta “saa” kwenye programu yote, na “kumi na mbili” ikakaa kwenye mstari wake na nafasi tatu za kubakisha.

Mstari wa pili ulinilazimisha kukubali kushindwa kwa sehemu. “Na robo”, “na nusu” na “kasorobo” zinaingia bila shida, lakini “na dakika ishirini” tayari ni herufi 18, kwa hiyo dakika nyingine zote zinaandikwa kwa tarakimu. Katika hilo nilipata faraja moja: “kasoro dakika 25” ni herufi 16 barabara. Baada ya sekunde tano mstari huo hubadilika na kutaja wakati na siku, na “asubuhi Jumatano” nayo ni 16. “Alfajiri Jumatano” ni 17. Nilipohesabu siku zote nilikuta kwamba alfajiri inaenea Jumanne na Ijumaa tu, na katika siku nyingine tano za juma haiwezekani kupambazuka.

Nilitaka kukwepa kwa kuifupisha alfajiri, iishe saa kumi na moja na nusu, muda ambao watu wengi bado wamelala na hawasomi chochote. Mama alikataa. Aliamka saa kumi na mbili na robo, akafungua pazia, akaona giza, akasoma kwenye kioo neno “asubuhi”, na akaniita nione uongo. Alikuwa sahihi kuliko kifaa. Saa zetu zimepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45, ulio mashariki ya nchi yote, na Mbeya tuko karibu na 33, kwa hiyo jua letu linachelewa kwa wastani wa dakika 46 nyuma ya saa tunayoifuata, na dakika 23 nyuma ya jua la Dar es Salaam. Mwishoni mwa Juni linachomoza karibu saa moja kamili, halafu bado liupande mlima. Mwishoni mwa Desemba linatangulia, kabla kidogo ya saa kumi na mbili na nusu.

Sasa alfajiri ya kifaa changu inaufuata mwezi, na muda wake wote jina la siku halionekani. Mama anasema halimsumbui, kwa kuwa Jumapili anaijua kwa kengele na siku nyingine zinafanana. Kinachomkera ni mwanga wa buluu wa kioo usiku, na amekwisha kukifunika kwa kitambaa cha kufuma, ambacho hukiinua kwa ncha ya kidole anapotaka kujua ni saa ngapi.