Château Gaillard na watu waliofungiwa nje ya kuta zake

Magofu ya Château Gaillard yako juu ya mwamba mweupe wa chokaa unaoutazama Mto Seine, mjini Les Andelys katika jimbo la Normandie, Ufaransa. Karibu kila anayeyaandika huanza na Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza, aliyeijenga ngome hiyo kati ya mwaka 1196 na 1198. Anastahili sifa hiyo, kwa kuwa ujenzi wa namna hii ulizoeleka kuchukua miaka mingi, naye aliukamilisha kwa takriban miaka miwili, tena katika ardhi ya Askofu Mkuu wa Rouen, ambaye kwa hasira alipiga marufuku ibada kotekote Normandie hadi alipofidiwa mali nyingine, ikiwemo bandari ya Dieppe.

Ukitazama ukuta wa ndani kwa karibu, utaona ustadi wa waashi wake: haukunyooka, bali umejengwa kwa migongo ya duara inayofuatana bila nafasi, ili jiwe linalorushwa na adui lisikute uso bapa wa kuupiga barabara.

Hata hivyo, kwangu mimi kiini cha historia ya ngome hii ni majira ya baridi ya mwaka 1203 kuingia 1204. Richard alikuwa amefariki mwaka 1199, mdogo wake John ndiye aliyekuwa mfalme, na majeshi ya Philippe wa Pili wa Ufaransa yalikuwa yameizingira ngome. Wakazi wa mji uliokuwa chini ya mwamba walikuwa wamekimbilia ndani. Kamanda wake, Roger de Lacy, alipoona kwamba akiba ya chakula haiwezi kuwatosha askari na raia, aliwatoa raia kwa makundi. Makundi ya kwanza yaliruhusiwa na Wafaransa kupita. Kundi la mwisho, la wanawake, watoto na wazee, lilizuiwa kwa amri ya Philippe, na waliporudi mlangoni walikuta umefungwa. Wakabaki mteremkoni kati ya majeshi mawili, katika baridi kali, wakila majani na nyama ya mbwa, hadi Philippe alipowaona kwa macho yake na kuamuru waachiwe. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Siwezi kumsifu Richard kwa kuta zake bila kuwataja watu hawa, wala simwoni Lacy kuwa shujaa tu, ingawa aliilinda ngome kwa miezi mingi bila msaada kutoka kwa mfalme wake.

Ngome yenyewe ilianguka tarehe 6 Machi 1204. Askari wachache wa Ufaransa walipenya ua wa kati kupitia jengo la kikanisa lililoongezwa na John. Kisha, kwenye ua wa ndani, daraja lililoachwa katika mwamba wenyewe likawakinga wachimbaji waliodhoofisha msingi wa ukuta. Rouen ilisalimu amri mwezi Juni mwaka huohuo, na Normandie ikawapotea wafalme wa Uingereza.

Baadaye ngome ilitumika kama gereza: Marguerite wa Bourgogne, mke wa mrithi wa kiti cha Ufaransa, alifungwa humo mwaka 1314 na kufariki mwaka uliofuata. Mwaka 1599 Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa aliamuru ibomolewe, na watawa wa jirani wakaruhusiwa kuchukua mawe yake kukarabatia majengo yao; serikali iliiweka chini ya ulinzi kama jengo la kihistoria mwaka 1862.