Jinsi nilivyoirudisha sauti yangu kwenye Steam Deck bila kununua hedifoni mpya

Wenzangu walikuwa hawanisikii tukicheza gemu kwenye Steam Deck yangu, ile kompyuta ndogo ya mkononi ya kuchezea gemu, na karibu kila niliyemuuliza alinijibu hivyohivyo: "Hiyo hedifoni imekufa, nunua nyingine." Wachache wakaniambia nifute mashine nzima nianze upya, yaani gemu zote nizishushe tena kwa bando langu. Ushauri wa namna hii unaniudhi mpaka leo, kwa sababu hedifoni ilikuwa nzima, maiki za ndani zilikuwa nzima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la kwanza kabisa: kifaa chenyewe kinakusikia, au hakikusikii? Ukishajua jibu la hilo, nusu ya kazi imekwisha, na huhitaji intaneti wala rafiki wa upande wa pili kulijua.

Steam Deck inatumia mfumo endeshi wa SteamOS, ambao ni aina ya Linux. Sauti yote inapita kwenye PipeWire, na programu nyingine iitwayo WirePlumber ndiyo inayoamua maiki ipi itumike. Bonyeza kitufe cha STEAM, ingia Power, chagua Switch to Desktop, kisha fungua Konsole, programu ya kuandikia amri. Kibodi ya kwenye kioo inakuja kwa STEAM na X kwa pamoja. Andika mstari huu:

timeout 10 pw-record /tmp/maiki.wav; pw-play /tmp/maiki.wav

Ongea kwa sekunde kumi, nyamaza, usikilize. Napenda mstari huu kuliko kipimo chochote cha ndani ya programu, kwa sababu unarekodi, unaacha wenyewe, na unakuchezea ulichosema bila kugusa kitu kingine. Ukiisikia sauti yako vizuri, maiki na waya viko salama, na tatizo liko mbele zaidi: Discord (programu ya kuongea na wenzako mkicheza), gemu au mtandao. Usipoisikia, usihangaike na Discord kabisa.

Kama ni kimya, andika wpctl status. Chini ya Sources utaona maiki zote zinazotambuliwa, kila moja na namba yake, na yenye kinyota ndiyo inayotumika sasa. Mara nyingi sana kinyota kimekaa pasipotakiwa: kwenye maiki ya ndani huku wewe unaongelea ya waya, au kwenye kamera ya USB iliyochomekwa kwenye hubu (kigawanyi cha matundu ya USB). Ihamishe kwa wpctl set-default ikifuatiwa na namba ya maiki unayoitaka. Namba hizo hubadilika ukichomoa na kuchomeka, kwa hiyo usizikariri, zisome upya kila mara. Ukiona neno MUTED, imefungwa: wpctl set-mute @DEFAULT_AUDIO_SOURCE@ 0 inaifungua. Na vol, yaani kiwango cha sauti, ikiwa 0.20 au chini yake, wenzako watakusikia kwa mbali. Mimi naiweka kati ya 0.70 na 0.90, maana ikifika 1.00 na maiki iko karibu na mdomo, maneno yenye P na B yanapasuka.

WirePlumber ikigoma kusahau chaguo la zamani, futa folda ya ~/.local/state/wireplumber, kisha andika systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse. Hii inafuta kumbukumbu za sauti tu. Gemu zako haziguswi, na ndiyo maana wale wa "futa kila kitu" hawana hoja.

Sasa pini, sehemu ambayo watu wanaidharau na mimi naiheshimu sana.

Tazama pini ya hedifoni yako kwenye mwanga. Hesabu mikanda myeusi. Miwili maana yake ni sauti ya kusikiliza peke yake, hata kama waya una kijimaiki kinachoning'inia. Mitatu maana yake kuna njia ya maiki. Waya wa kurefushia wenye mikanda miwili unaua maiki ya hedifoni yoyote, hata ya bei mbaya. Hedifoni za kompyuta zenye pini mbili, ya kijani na ya waridi, zinahitaji kiunganishi cha Y kinachoishia kwenye pini moja ya mikanda mitatu. Na chomeka kwa mkupuo mmoja mpaka mwisho, kwa sababu kifaa hupima kilichochomekwa papo hapo. Ukisukuma polepole kinaweza kuamua ni spika tupu na maiki isijitokeze. Chomoa, chomeka tena kwa nguvu kidogo.

Lakini kuna tatizo moja linalowapoteza hata mafundi. Mikanda ni mitatu, pini imeingia vizuri, lakini sauti ya gemu ina mwangwi wa ajabu, kama inatoka ndani ya mtungi. Muziki unasikika pembeni, ila mtu anayezungumza katikati ya tukio hasikiki kabisa. Wenzako nao wanalalamika kwamba wanasikia gemu lako badala ya sauti yako. Mtu yeyote atakwambia hedifoni imekatika ndani. Haijakatika. Kuna mipangilio miwili ya pini hizi: CTIA, ambayo ndiyo ya vifaa vya siku hizi, Steam Deck ikiwemo, na OMTP, ya simu nyingi za zamani. Tofauti yake ni kwamba maiki na ardhi (njia ya kurudishia umeme) vimebadilishana nafasi. Hedifoni ya OMTP ikiingia kwenye tundu la CTIA, spika zako mbili zinakosa ardhi, kwa hiyo unasikia tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kila kilicho sawa pande zote, hasa sauti za watu, kinajifuta. Hichohicho kilichojifuta ndicho kinachovuja kwenye njia ya maiki kwenda kwa wenzako.

Kipimo chake kinanifurahisha kila nikikionyesha. Cheza kitu chenye mtu anayeongea, halafu shikilia kitufe cha kupokelea simu kilicho kwenye waya, usikiachie. Sauti ikirudi ghafla ikiwa kamili, na ikaharibika tena ukiachia, umepata jibu: kitufe hicho huunganisha maiki na ardhi, kwa hiyo ukikibonyeza ardhi inarudi mahali pake. Dawa ni adapta fupi ya kugeuza OMTP kuwa CTIA. Kariakoo niliipata kwa elfu kumi na ushee, na muuzaji alikuwa nayo kwenye boksi la adapta za simu za zamani.

Bluetooth ndiyo iliyonila muda mrefu kuliko yote, na hapa ushauri mbovu ni mwingi. Hedifoni za Bluetooth zina njia mbili za kufanya kazi. A2DP inaleta sauti nzuri ya stereo, kushoto na kulia, lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye kifaa kuja sikioni, maiki haimo. HSP au HFP, njia ya simu, inakwenda na kurudi, ila sauti inashuka mpaka sampuli 8,000 kwa sekunde kwa CVSD au 16,000 kwa mSBC (mitindo miwili ya kubana sauti), na inakuwa ya mono, yaani kushoto na kulia sawa. Nilijaribu kila kitu: kuoanisha upya, kubadilisha profaili kwenye mipangilio ya sauti ya upande wa kompyuta, kuwasha na kuzima. Maiki inawaka, gemu linasikika kama redio ya mkulima. Nikirudisha A2DP, gemu linapendeza, maiki inapotea. Hakuna cha kurekebisha hapo. Ndivyo Bluetooth ya kawaida ilivyo, na hedifoni ya bei kubwa zaidi itakufikisha palepale.

Kilichoniokoa ni kutenganisha. Masikioni Bluetooth kwa A2DP, maiki ya ndani ya Steam Deck kwa kuongea. Kwenye Discord, weka Input Device iwe maiki ya ndani kwa jina lake, usiache Default. Kama WirePlumber yako ni toleo la 0.5 au zaidi, izuie isihamie njia ya simu yenyewe:

wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false

Utabaki na ucheleweshaji wa Bluetooth. Kwenye maongezi hutauhisi sana, lakini kwenye gemu za kulenga shabaha utauhisi. Kwa gemu hizo tumia waya.

Maiki ya ndani inasikia feni na vitufe. Washa kipunguza kelele, lakini kimoja tu. Kile cha Discord kikiwa kimewashwa pamoja na kingine, kila kimoja kinakata kinachodhani ni kelele, na silabi za mwisho zinaliwa: "twende" inafika "twen". Vilevile, mkiongea kwa Discord zimeni maongezi ya sauti ya ndani ya gemu, la sivyo kila mtu atakusikia mara mbili.

Kuhusu mwangwi, watu humlaumu asiyehusika. Anayesikia sauti yake mwenyewe ikirudi si mwenye tatizo. Spika ya mtu mwingine inaingia kwenye maiki ya mtu huyohuyo. Kila mmoja afunge maiki kwa zamu. Yule ambaye akifunga mwangwi unakufa, ndiye avae hedifoni au apunguze spika.

Sauti ya kukatakata au ya kiroboti ni mtandao, si maiki. Chaneli ya kawaida ya Discord inatumia kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo ni chini ya megabaiti 30 kwa saa kwa kila sauti, kwa hiyo bando halina neno. Kinachoua ni foleni: gemu jingine likisasishwa nyuma, pakiti za sauti zinasubiri. Kwenye mipangilio ya Steam, zuia upakuaji wakati wa kucheza. Ukitumia hotspoti ya simu, iweke kwenye GHz 5, kwa sababu GHz 2.4 ndiyo njia ileile ya Bluetooth. Vidongle (vipokezi vidogo vya USB) vya hedifoni zisizo na waya navyo vingi viko hapo, na hubu ya USB 3 huwa inavipigia kelele ikiwa vimebanana nayo. Kiunganishe kidongle kwa waya wa kurefushia wa USB, hata nusu mita, kikae mbali na hubu.

Na ukisikia mvumo wa "mmm" usiokoma kwenye rekodi yako, chomoa chaja kisha urudie ule mstari wa kwanza. Ukitoweka, ni chaja isiyo na ardhi inayopitisha mvumo kwenye waya wa hedifoni. Badilisha chaja, au chaji kabla ya kucheza.