Kichujio, Sabuni na Jani la Nduma: Nilivyoiponya Mashine Yetu ya Kufyonza

Kwa muda wa miezi miwili, mashine ya kufyonza katika chumba chetu cha upasuaji ilinifanya nionekane mjinga mbele ya watu ambao kwa kawaida hunisalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali hapa Nakuru, kazi ambayo nimeifanya kwa zaidi ya miaka kumi, na sikutarajia kwamba kichujio kisichozidi upana wa kiganja kingeweza kunikosesha usingizi.

Wasioijua mashine hii wataniwia radhi nikianzia mbali kidogo. Pampu huvuta hewa kutoka katika mtungi, na mtungi nao huvuta damu, usaha au makohozi kutoka kwa mgonjwa kupitia mpira. Majimaji hubaki mtungini, lakini hewa iliyopita juu yake huendelea na safari hadi kwenye pampu, kisha hutoka kwa nyuma na kuingia katika chumba kilekile anamopumulia muuguzi. Kati ya mtungi na pampu ndipo hukaa kichujio chenye utando unaoyakataa maji na kunasa chembe ndogo kama mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali bakteria wengi wana mikroni 0.5 hadi 5. Mashine isiyo na kichujio ni sawa na mtu anayekohoa bila kuziba mdomo, tena anayekohoa mchana kutwa.

Chetu kilikuwa kinaziba kila baada ya siku mbili au tatu, wakati mwingine katikati ya upasuaji. Mvuto unafifia, daktari anainua macho, na sista msimamizi ananipigia simu: "Fundi, njoo, mashine yako imetuaibisha tena." Juu ya hayo kulikuwa na harufu, na harufu hiyo ndiyo iliyoleta washauri.

Mshauri wa kwanza alikuwa mzee wa kazi yetu, aliyenitangulia kwa miaka mingi. Alinitazama kwa huruma akasema, "Kijana wangu, hicho kidude ni cha kukupotezea pesa. Kitoe, uone itakavyovuta." Akakitoa mbele yangu, na kweli mvuto ukarudi kwa nguvu. Sikumbishia, kwa kuwa ni mkubwa wangu, lakini baada ya kumsindikiza hadi langoni nilirudi karakana nikafungua pampu nyingine kuukuu ambayo ilikuwa imetumiwa hivyo hivyo kwa muda mrefu. Vali zilikuwa zimeshikwa na kutu, na juu ya ngozi ya mpira ya pampu palikuwa na utelezi wa rangi ya kahawia ambao sitaueleza zaidi, asije msomaji akashindwa na chakula chake. Kila kilichokuwa pale kilikuwa kimepita njia ambayo kichujio kingeifunga.

Mwingine alisema nimwage jiki mtungini ili kuua harufu. Jiki ikikutana na mkojo au majimaji mengine ya mwili hutoa mvuke unaochoma macho na koo, na mvuke ni gesi, kwa hiyo hupita katika kichujio bila hodi na kwenda kuila pampu.

Wa tatu alikuwa muuza mashine. Alionyesha kidole kwenye kibandiko kilichosema kwamba pampu inafikisha milimita 680 za zebaki, kipimo cha nguvu ya mvuto na ya mkandamizo wa hewa, kisha akaonyesha geji yetu ambayo haikuwahi kufika 600, akatangaza kwamba pampu imekufa na tununue nyingine. Nilifurahi kwelikweli kumjibu huyo. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yote inayotukandamiza hapa ina uzito wa milimita 610 tu au karibu na hapo. Hata Kisumu, iliyo chini yetu sana, haifiki 670. Pampu haiwezi kuondoa hewa ambayo haipo. Tena kumfyonza mtu mzima makohozi kunahitaji milimita 100 hadi 150 tu. Aliondoka na katalogi yake.

Baada ya kuwashinda wote hao kwa maneno, nikafanya ujinga wangu mwenyewe. Vichujio halisi viliisha stoo, na vipya vilikuwa vinasubiri sahihi ya mtu aliyekuwa likizoni. Nikaenda kwa mafundi wa magari nikanunua kichujio cha petroli, kile cha plastiki angavu chenye karatasi iliyokunjwakunjwa ndani, kwa shilingi mia mbili na kitu. Ncha zake zilipwaya kidogo, nikazifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na mashine ikavuta kama mpya. Wakati wa chai nilijisifu sana, nikasema kwamba hospitali za Ulaya zingekuja kujifunza kwetu. Kesho yake asubuhi ile karatasi ilikuwa imelegea kama chapati iliyochovywa kwenye chai, na rangi ya waridi ilikuwa imevuka upande wa pili. Nilivaa glavu na barakoa, nikashika kipande cha shashi nyeupe nyuma ya tundu la kutolea hewa kwa dakika chache, na kikapata madoadoa ya unyevu wa kahawia. Karatasi ya petroli hunasa mchanga na kutu. Kijidudu hupita humo kama kuku apitavyo katika lango la ng'ombe. Siku hiyo moja bado inanitia haya.

Ufumbuzi ulianza kwa kunusa. Vichujio halisi vilipofika na cha kwanza kikaziba, nilikitoa, na badala ya harufu ya damu nikasikia harufu ya sabuni ya unga. Nilichukua mtungi jinsi ulivyotoka kuoshwa, nikatia lita moja ya maji, nikawasha pampu. Povu likapanda. Boya linalopaswa kufunga njia mtungi ukijaa lilibaki chini juu ya maji, kwa maana povu halina uzito wa kuliinua, na povu likapita pembeni yake hadi kwenye mpira wa pampu.

Kisha nikafanya jaribio ambalo tangu siku hiyo humwonyesha kila mwanafunzi anayekuja kwetu. Kwa bomba la sindano nilidondosha tone la maji safi juu ya utando wa kichujio kipya nilichokipasua: likakaa duara, likitikisika, kama umande juu ya jani la nduma. Nikadondosha tone la maji ya sabuni kando yake. Hilo halikukaa. Lilitambaa, likalala, likazama, na pale lilipozama utando ukageuka rangi. Sabuni inaondoa kule kukataa maji ambako ndiko kazi yote ya kichujio, na utando ukishalowa, hewa haipiti tena.

Sasa mitungi husuuzwa mara tatu na kukaushwa ikiwa imepinduliwa, na humwagwa kabla haijafika theluthi mbili. Niliongeza mtungi wa pili mtupu kati ya ule wa kwanza na kichujio, ili povu likitoroka lianguke humo. Daktari alilalamika kwamba mvuto unachukua sekunde kadhaa zaidi kupanda, na ana haki, kwa kuwa hewa ya kuondolewa imeongezeka. Tumekubaliana mashine iwashwe mapema. Upande wa kichujio ulioandikwa kuingilia lazima uelekee mtungi, jambo ambalo nilidhani kila mtu analijua hadi nilipokikuta kimegeuzwa. Kwa mashine ambayo geji yake iko upande wa pampu, acha mpira wa mgonjwa wazi: sindano ya geji ikibaki juu badala ya kushuka karibu na sifuri, kichujio kimeziba, na kinatolewa kwa glavu kwenda kwenye mfuko wa manjano wa taka za kuambukiza. Harufu yenyewe haikuwa kosa la kichujio, kwani hakinasi gesi. Ilipungua tulipoacha kuilaza mitungi usiku kucha ikiwa na mzigo wake.

Nilimwendea mama anayeosha mitungi nikiwa nimejiandaa kumfundisha kuhusu sabuni. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye aproni.

"Fundi," akasema, "mimi nilikuwa natia kijiko kimoja. Ni wewe uliyekuja hapa mwezi ule ukaniambia inanuka, niongeze."

Nilimwomba msamaha, nikaenda kutafuta kile kijiko.