Pareto yangu na mvua za Aprili

Jamani, huku Umalila, milimani Mbeya, jua limegoma. Wiki ya pili sasa ukungu unashuka asubuhi, mvua inaingia mchana, na maua ya pareto shambani yameiva yote kwa pamoja.

Mwezi wa kwanza nilipambana na vithiripi. Ukipasua ua katikati unawaona, vidudu vyembamba kama uzi uliokatwa, wanakimbilia ndani. Inauma, maana pareto hiyo hiyo ndiyo inayotengenezewa dawa ya kuua wadudu. Nilipalilia, nikang'oa mashina yaliyodhoofika, shamba likapona.

Sasa mvua. Ua la pareto huwezi kuliacha tu likusubiri. Linachumwa vile vijiua vya katikati vikiwa vimefunguka safu tatu au nne, hapo ndipo sumu yake ina nguvu. Ukichuma likiwa na maji ukalirundika kwenye kiroba, linapata joto na kuvunda. Juzi nilitia mkono kwenye kiroba kimoja, kulikuwa na moto kama uji. Maua yote yamekuwa kahawia. Nililia, sioni aibu kusema.

Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, toa kila kitu jikoni, tuwambe chanja ya kukaushia." Tumetandaza maua kwa tabaka jembamba juu ya moto mdogo, tunageuza kwa zamu, hata usiku. Kilo nne au tano mbichi zinatoa kilo moja kavu, kwa hiyo kila ua nalihesabu.

Leo nimeshika machache, yamevunjika vizuri vidoleni. Wenzangu wa Ilembo, kwenu jua limetoka?